Pikipiki ya Magurudumu Manne: Mikono na Shokomzoba Huchaguliwa kwa Pamoja

Miongoni mwa vyombo vya michezo vilivyozuka katika nusu ya pili ya karne ya 20, kimoja ambacho bado hakijazoeleka sana kwa wasomaji wetu ni pikipiki ya magurudumu manne. Mpandaji wake huketi juu ya kiti na kushika usukani kama wa pikipiki, lakini huenda juu ya matairi manne manene yenye upepo mdogo. Ziko zilizoundwa kwa kubeba mizigo na watalii, na hizo hazituhusu leo. Tunazungumzia zile nyepesi za mashindano, ambazo huruka vichuguu na kukata kona kwa kasi, na hasa tunazungumzia sehemu yao ya mbele, ambako fedha nyingi za wapandaji hupotea bure.

Asili ya vyombo hivi ni magurudumu matatu. Mwaka 1970 kampuni ya Honda iliingiza katika soko la Marekani chombo cha magurudumu matatu kisichokuwa na springi wala shokomzoba yoyote. Mpandaji alitegemea ulaini wa matairi peke yake. Suzuki walitoa cha magurudumu manne mwaka 1982, na mwaka 1985 wakatoa LT250R, kilichokusudiwa mashindano. Ajali za magurudumu matatu zilikuwa zimekithiri, hata mwaka 1988 watengenezaji wakaafikiana na serikali ya Marekani kuacha kuyauza. Tangu hapo magurudumu manne yametawala, na pamoja nayo ukazuka ufundi mkubwa wa viwanda vidogo vidogo vinavyotengeneza spea bora kuliko zile zinazotoka kiwandani na chombo.

Kila gurudumu la mbele hushikwa na mikono miwili yenye umbo la herufi A, mmoja juu na mmoja chini. Ncha mbili za kila mkono hufungwa kwenye fremu kwa bushi, na ncha ya tatu hushika gurudumu kwa boljointi. Shokomzoba, ikiwa imevikwa springi yake, husimama kati ya fremu na mkono mmojawapo. Kijana aliyenunua chombo chake, tuseme Yamaha YFZ450 ya mwaka 2004, huona kwamba kinayumba anapokata kona kwa kasi. Husikia kwamba dawa yake ni mikono mirefu zaidi, itakayotanua chombo. Basi hununua mikono, akaifunga, akarudishia shokomzoba zilezile za kiwandani. Hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Natuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mkono wa chini una urefu wa sentimita 35 kutoka kwenye fremu hadi kwenye boljointi, na shokomzoba imefungwa sentimita 23 kutoka kwenye fremu. Mkono mpya una sentimita 40, nayo shokomzoba imebaki palepale kwenye 23. Gurudumu limepata wenzo mrefu zaidi wa kuibana springi. Nguvu ya springi inayofika gurudumuni haipungui kwa kiasi cha urefu ulioongezeka tu, bali kwa mraba wake. Yaani 35 kugawanya kwa 40, kisha jibu lizidishwe kwa lenyewe. Tukiacha kando mwinamo wa shokomzoba, matokeo yake ni kwamba ugumu wa sehemu ya mbele umepungua kwa asilimia 23 hivi, karibu robo nzima, wala hakuna mtu aliyeigusa springi.

Chombo sasa kinainamisha pua. Kikitua kutoka kwenye mruko, tumbo lake hugonga ardhi. Mwenyewe huchukua spana na kukaza nati ya springi mpaka pua inyanyuke. Yafaa ieleweke kwamba kukaza nati hiyo hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Hukinyanyua chombo tu. Na chombo kilichonyanyuliwa kina uzito wake juu zaidi, kwa hiyo hupinduka kwa urahisi zaidi. Mtu ametoa fedha ili asipinduke, kisha kwa spana yake mwenyewe amejirudishia sehemu ya hatari ile ile.

Hivyo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji wa mikono si bei, wala si rangi. Ni hili: mkono huu umeundwa kwa shokomzoba ipi, yenye urefu gani? Ipo mikono ya mwendo wa kawaida, inayokubali shokomzoba zenye kipimo cha kiwandani. Ipo pia ya mwendo mrefu, ambayo matundu yake ya kufungia yamehamishwa, nayo hudai shokomzoba ndefu zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kuchanganya jamii hizi mbili ni kosa, hata kama boliti zinaingia.

Kwa maoni yangu, mwenye fedha za kitu kimoja tu aanze na shokomzoba, au hata na springi peke yake. Springi za kiwandani hupimwa kwa mtu wa uzito wa wastani. Mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 100 hawawezi kuhudumiwa na springi moja. Dereva yeyote wa Land Rover ya jeshi anajua jambo hili kwa mgongo wake: gari likiwa tupu hurusha watu kwenye barabara ya makunyanzi, likipakiwa askari na vifaa vyao hutulia. Mafundi wa shokomzoba mashuhuri, kama Elka wa Kanada, Fox wa Marekani na Öhlins wa Uswidi, wanahitaji kujua uzito wa mpandaji na aina ya ardhi anayoendea ili waweke springi inayofaa. Mnunuzi ataje uzito wake wa kweli, akiwa amevaa kofia na viatu vyake. Wapo wanaoupunguza kwa haya, nao hulipia haya hiyo; kwani bei ya jozi moja ya daraja la juu hupita kwa urahisi dola 1,000 za Kimarekani.

Shokomzoba hizo huwa na kichupa cha pembeni chenye gesi ya naitrojeni, ambayo huisukuma mafuta ili yasitoe povu yanapopata joto. Huwa pia na vifundo vya kurekebishia. Vimoja huandikwa kasi ndogo, vingine kasi kubwa, na wengi hudhani kuwa ni kasi ya chombo. La, hasha. Ni kasi ya chuma kinachoingia ndani ya shokomzoba. Kona ndefu huibana polepole hata chombo kikikimbia sana, ilhali jiwe huibana ghafla hata chombo kikitambaa.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze upana, na upana hutegemea ardhi. Kwenye viwanja vya motokrosi vya Marekani vyombo hutanuliwa hadi inchi 50 hivi, sawa na sentimita 127. Yamaha YFZ450R, iliyotoka mwaka 2009, hutoka kiwandani na milimita 1,240, karibu kabisa na kipimo hicho. Mwenye chombo hiki hana haja kubwa ya kutanua. Raptor 700 ina milimita 1,170. Katika mashindano ya msituni upana huo mdogo ni faida, kwani miti haisogei. Katika mbio za Dakar, zilizokuwa na daraja la magurudumu manne tangu mwaka 2009 hadi 2024, wengi wa washindi walipanda Raptor 700, akiwamo Marcos Patronelli wa Ajentina, aliyeshinda miaka ya 2010, 2013 na 2016. Huko matuta ya mchanga na siku nyingi za safari hudai uimara kwanza.

Kuhusu chuma chenyewe, itazamwe mikono ya chuma cha kromoli kilichochomelewa vizuri, yenye chuchu za grisi kwenye bushi. Mkono usioweza kutiwa grisi utakula bushi zake upesi kwenye vumbi na tope. Mikono mirefu hudai pia tairodi ndefu na mipira ya breki mirefu. Mpira wa breki uliovutwa hadi mwisho wake hukatika wakati gurudumu linaposhuka, yaani angani, kabla tu ya kutua.

Kazi ya mwisho ni vipimo. Mpandaji aketi juu ya chombo, na uzito wake ule kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa shokomzoba. Magurudumu yainamie ndani kidogo kwa juu, na matairi yakaribiane kwa mbele kuliko kwa nyuma kwa milimita tatu hadi sita. Springi mpya hulegea kidogo katika saa za mwanzo za kazi. Kwa hiyo, baada ya mazoezi mawili au matatu, utepe wa kupimia utolewe tena, na nati za boljointi zikaguliwe moja baada ya nyingine.