Jina Likiingia CRB: Lipi Hufutwa, Lipi Husubiri Muda

Katika semina za akiba na mikopo tunazoendesha parokiani, swali moja limekuwa likirudi kila mara: "Jina langu liko CRB. Nifanye nini litoke?" Wanaouliza ni vijana waliokopa kwa simu, akina mama wa vikundi, na hata wanakamati wenyewe. Baadhi yao wamekwisha kumlipa mtu wa mjini aliyeahidi kulisafisha jina kwa siku chache. Pesa zimekwenda, na jina liko palepale. Tumeona vyema kulieleza jambo hili wazi, ili kamati ziwaongoze watu vizuri, na wafadhili wetu waelewe kwa nini mwanakikundi mwenye bidii anaweza kunyimwa mkopo wa kukuza biashara yake.

CRB ni nini?

CRB ni ofisi za kumbukumbu za mikopo. Hazikopeshi wala hazidai. Kazi yao ni kupokea habari kutoka benki na wakopeshaji wengine kuhusu jinsi kila mtu anavyolipa, na kuzitoa kwa mkopeshaji anayetaka kumjua mwombaji. Nchini Kenya kanuni zake zilianza kutumika mwaka 2009, na ofisi ya kwanza ilipewa leseni na Benki Kuu mwaka 2010. Nyingine zilifuata, zikiwemo Metropol na Creditinfo.

Mwanzoni ofisi hizi zilipokea habari mbaya tu. Tangu kanuni za mwaka 2013 zinapokea pia habari njema. Kwa hiyo kuwa na kumbukumbu CRB si aibu. Karibu kila aliyewahi kukopa benki anayo. Kinachoumiza ni mkopo usiolipwa. Kwa kawaida mkopo huhesabiwa kuwa umekwama ukipita siku 90 bila kulipwa, na mkopeshaji anatakiwa kumjulisha mkopaji kabla ya kuipeleka habari hiyo.

Mikopo ya simu ndiyo imewaingiza wengi. Tangu M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, mtu anaweza kukopa akiwa shambani, bila fomu wala mdhamini. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Benki Kuu ilisema mwaka 2022 kwamba wakopaji wa simu zaidi ya milioni 4 walikuwa wameorodheshwa vibaya.

Lipi hufutwa, lipi hubaki?

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Kumbukumbu mbaya ni za aina mbili, na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza ni ile isiyo ya kweli: deni ulilolipa lakini bado linaonyeshwa kuwa linadaiwa, deni la mtu mwingine lililoandikwa kwa namba ya kitambulisho chako, au kiasi kisicho sahihi. Hii hurekebishwa au kufutwa, na ni haki yako. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Vilevile, kanuni za mwaka 2020 zilikataza kupeleka CRB deni lililokwama lisilofika shilingi 1,000, na walioorodheshwa zamani kwa viasi hivyo vidogo walitakiwa kuondolewa.

Ya pili ni ile ya kweli. Hii haifutwi kwa barua, kwa kujuana, wala kwa hongo. Ukilipa, ripoti hubadilishwa ionyeshe kwamba deni limelipwa, lakini historia ya kuchelewa hubaki kwa miaka 5 kuanzia siku ulipomaliza kulipa. Tuseme watu wawili walikopa mwaka mmoja na wote wakashindwa kulipa. Mmoja alimaliza deni mwaka 2021. Miaka yake 5 inahesabiwa tangu hapo. Mwenzake hajalipa hata leo. Yeye hajaanza kuhesabu. Anayekaa akingoja deni lisahaulike anajirefushia njia mwenyewe. Dawa ya deni ni kulipa.

Hatua za kufuata

1. Omba ripoti yako. Una haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka. Omba kwa zaidi ya ofisi moja, kwa sababu kila ofisi ina kumbukumbu zake.

2. Isome mstari kwa mstari. Angalia jina la mkopeshaji, kiasi, tarehe, na kama deni limeandikwa kuwa limelipwa au la. Hakikisha namba ya kitambulisho ni yako.

3. Kama deni ni la kweli, nenda kwa mkopeshaji mwenyewe. CRB haipokei malipo ya madeni. Omba kupunguziwa faini au kulipa kidogo kidogo, na makubaliano yaandikwe. Ukimaliza, dai barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi. Baadaye omba ripoti tena uhakikishe mkopeshaji amepeleka habari mpya.

4. Kama deni si la kweli, peleka malalamiko kwa maandishi kwa ofisi ya CRB, pamoja na nakala za risiti, ujumbe wa malipo na kitambulisho. Mpe mkopeshaji nakala. Ofisi inatakiwa kuweka alama kwamba habari hiyo ina ubishi, na kuichunguza kwa mkopeshaji. Usiporidhika, unaweza kulalamika Benki Kuu.

Tahadhari

Cheti cha CRB si kifutio. Cheti huonyesha kwamba hudaiwi mkopo uliokwama, hakiondoi historia. Kwa kanuni za mwaka 2020, anayekiomba kwa mara ya kwanza hapaswi kutozwa.

Mwaka 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kuwapunguzia wakopaji wa simu angalau nusu ya madeni ya benki yaliyokuwa yamekwama. Mpango huo ulikwisha tarehe 31 Mei 2023. Anayewaambia watu leo kwamba ataingiza majina yao katika mpango huo anawatapeli.

Tena, asikabidhiwe mtu yeyote kitambulisho au namba ya siri ya simu kwa ahadi ya kusafisha jina. Kwa vitu hivyo viwili anaweza kukopa upya, na deni likawa lako.

Kamati zifanye nini?

Tunaziomba kamati za parokia mambo matatu. Kwanza, kabla ya kikundi kupeleka maombi ya mkopo benki au SACCO, kila mwanachama awe amesoma ripoti yake mwenyewe. Ni afadhali kujua mapema kuliko kukataliwa mbele ya wenzake. Pili, kamati iwasaidie wasiojua kuandika barua ya malalamiko. Ukurasa mmoja unatosha. Tatu, siri za watu zitunzwe. Ripoti ya mikopo si jambo la kusomwa mkutanoni wala kunong'onezwa baada ya ibada. Mtu akijua ataaibishwa, atalificha deni, na deni lililofichwa halilipwi.

Kwa wafadhili wetu, tunawasihi msimhesabu mwenye kumbukumbu mbaya kuwa mtu asiyefaa. Wengine waliugua, wengine mvua ilikosekana, wengine waliandikwa kimakosa. Mwanakikundi aliyelipa deni lake na sasa anasubiri miaka yake 5 bado anahitaji mtaji, na benki huenda isimpe. Kwa mtu huyo, mkopo mdogo kutoka mfuko wa kikundi ndio humwezesha kuendelea na kazi huku akijenga upya uaminifu wake.