Ufa Katika Programu za Kompyuta

Mwanachama wa Kigoma au Ujiji anapouza kahawa, mawese au dagaa, malipo yake siku hizi yaweza kupita katika kompyuta ya benki na katika simu kabla hayajamfikia mkononi. Kwa hiyo usalama wa fedha hizo hautegemei kufuli la sanduku peke yake. Wapo wataalamu wa vyuo vikuu ambao kazi yao ni kutafuta nyufa katika programu zinazoendesha mitambo hiyo, na yafaa vyama viielewe kazi hiyo.

Chini ya programu anazoziona mtumiaji zimo nyingine za msingi, zinazogawa nafasi katika kumbukumbu ya mashine, mfano wa safu za daftari la hesabu. Programu iliyoandikwa vibaya hupokea maandishi bila kupima urefu wake, kama karani wa ghala apokeaye mzigo bila mizani. Maandishi yakizidi nafasi, hufurika na kufuta yaliyomo katika nafasi ya jirani. Mwenye hila aweza kuyapanga yanayofurika yawe amri, na mashine ikayatii.

Jambo hili limekwisha kutokea. Mwezi Novemba 1988 Robert Morris, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kupeleka herufi 536 mahali palipotengewa 512. Maelfu ya kompyuta yalilemewa, na mwaka 1990 mahakama ilimtia hatiani.

Mwaka huo huo wa 1988, Profesa Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuzilisha programu herufi za ovyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kuwa takriban robo ya programu zilizojaribiwa zilikwama au kuzimika. Hadi leo watafiti wa shahada ya udaktari hutumia njia hiyo. Programu ikizimika, mtafiti huchunguza ni wapi, na kama mwizi angeweza kupenya hapo. Kisha humwarifu mtengenezaji kwa siri, ili atoe marekebisho kabla habari haijatangazwa.

Kinachomtenga mtafiti na mwizi ni idhini. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini kuwa kosa.

Lakini marekebisho yasiyowekwa hayamlindi mtu. Ufa ukishatangazwa, hata wezi huusoma. Mvuvi wa Kibirizi hasubiri kufika katikati ya ziwa ndipo akalafati chombo chake. Makatibu wa vyama wanashauriwa kuweka marekebisho ya simu na kompyuta za chama mara yanapotolewa, kukataa programu zisizojulikana zilikotoka, na kutunza nakala ya hesabu mahali pengine. Nao wanachama wana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu kama hayo yametekelezwa.