Jangwa Halikuwa Njia Yao

Carne y Arena, filamu ya uhalisia pepe ya Alejandro González Iñárritu iliyooneshwa kwenye tamasha la Cannes mwaka 2017, ina dakika sita na nusu hivi, na huingia mtu mmoja mmoja. Mtazamaji huanzia katika chumba chenye baridi kali, mfano wa mahabusu ya wahamiaji wanaokamatwa mpakani mwa Marekani na Mexico, kukiwa na viatu vikuukuu vilivyookotwa huko huko mpakani. Naye huvua vyake. Akishavaa miwani ya uhalisia pepe, hujikuta pekupeku jangwani kati ya watu waliochoka. Mara helikopta inanguruma juu yao, askari wanafika na bunduki. Nguvu ya kazi hii haina ubishi, hasa kwa kuwa wanaoigiza ni wahamiaji wenyewe. Lakini inatuonesha waliokamatwa, ilhali maafa makubwa zaidi huwapata wale ambao hakuna aliyewafikia.

Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu watu 686 waliokufa au kutoweka kwenye mpaka huo mwaka 2022. Kati ya hivyo, vifo 307 vilitokana na safari za majangwa ya Sonora na Chihuahua. Aliyekufa kwa kiu jangwani upande wa Arizona huenda akapatikana, kama atapatikana, akiwa mifupa mitupu, na wataalamu wa kuchunguza maiti wa kaunti ya Pima wakaanza kulitafuta jina lake kwenye rozari au namba ya simu iliyoshonwa ndani ya nguo. Hayo hayakuletwa na jua peke yake. Zamani wengi walivukia mijini, San Diego na El Paso. Mwaka 1994 Doria ya Mpakani ya Marekani ilipanga kuziba njia hizo, ikijua kwamba watu watasukumwa kwenye ardhi katili zaidi na kutumaini watakata tamaa. Walisukumwa kweli; kukata tamaa hawakukata, maana ufukara na magenge yaliyowafukuza makwao hayakupungua.

Atakayesema sanaa si ripoti ana hoja, ila onesho hili humalizikia kwenye nyuso na maelezo ya wahamiaji, na hapo sera hiyo ya kuziba njia ingepata nafasi bila kuharibu chochote. Pingamizi zito ni kwamba wasafiri hawa waliijua hatari wakaichagua. Kuondoka nyumbani waliamua wao, sikatai. Kwamba njia ipite Sonora kuliamuliwa ofisini, na filamu itakayofuata juu ya mpaka huu ingefaa ianzie kwenye karatasi za mpango huo wa 1994.