Wanyama wa pwani yetu na madarasa ya Berlin

Habari za Wajerumani Kionga huanzia 1894, walipoikalia pembe ile ya kusini mwa mto Ruvuma, na huishia Aprili 1916, Wareno walipoichukua. Lakini Mjerumani mwingine alikwisha kuipita pwani ya Msumbiji nusu karne kabla ya bendera ya Ujerumani kupandishwa Kionga. Wilhelm Peters alifika 1843, akazunguka kuanzia nchi ya Zambezi hadi visiwa vya Kerimba, na 1848 akarudi kwao Berlin na shehena ya wanyama.

Kwa nini chuo kikuu cha Ulaya kilihitaji samaki na panya wa kwetu? Ndugu zangu mlio ughaibuni mnaosomesha watoto udaktari au uuguzi, inafaa tulijue jambo hili.

Berlin ya wakati ule, anatomia na fiziolojia zilikuwa mikononi mwa mwalimu mmoja, Johannes Müller, aliyeshika kiti hicho mwaka 1833. Kwake hukujifunza moyo wa binadamu peke yake. Uliwekwa kando ya moyo wa samaki, wa chura na wa ndege, mwanafunzi akaona nini kimebadilika na nini kimebaki vilevile. Rudolf Virchow na Hermann von Helmholtz walipita katika mikono hiyo. Peters naye alikuwa msaidizi katika anatomia. Somo la kulinganisha halishibi: kila mnyama mpya ni swali jipya. Na ngozi kavu haitoshi, kwani utumbo, ini na mishipa vinataka mwili uliolowekwa kwenye spiriti.

Ndiyo maana Peters hakukusanya vinyama vya kupendeza tu. Njule, yule mwenye pua ndefu inayochezacheza akichokora majani makavu kutafuta wadudu, alimwandika kitaalamu mwaka 1847. Mwaka 1852 akamwandika perege wa Msumbiji, ambaye leo anafugwa katika mabwawa ya Asia na Amerika. Perege huyu jike huokota mayai yake na kuyatunza kinywani hadi yaanguliwe, na vifaranga wakiona hatari hurudi mdomoni mwa mama. Mvuvi huyaona hayo kwa macho yake, na ndani yake mna somo zima la fiziolojia ya uzazi.

Müller alipofariki 1858, kiti chake kilikatwa vipande viwili: fiziolojia kwa Emil du Bois-Reymond, anatomia kwa Karl Reichert. Peters akabaki na wanyama, akiongoza jumba la makumbusho la Berlin. Mgawanyo wa masomo tunaouona vyuoni leo una mizizi katika miaka ile.

Na sisi? Elimu ya chuo kikuu haikuanza Msumbiji hadi 1962, nayo iliwekwa Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara kutoka Kionga. Udaktari wa watu na wa mifugo ulifundishwa huko, lakini madawati yalijaa watoto wa walowezi wa Kireno. Dar es Salaam, iliyo karibu nasi zaidi, ilipata shule yake ya udaktari 1963. Chuo cha Lourenço Marques kilipewa jina la Eduardo Mondlane mwaka 1976, na makumbusho ya viumbe ya Maputo yaliyo chini yake yana vijusi 14 vya tembo vilivyopangwa kufuata hatua za mimba ya miezi 22. Mwanafunzi akisimama mbele ya vijusi hivyo anaona mkonga ukirefuka hatua kwa hatua.

Kwa maoni yangu, dhuluma kubwa haikuwa kuchukuliwa kwa wanyama. Elimu juu yao ilichapishwa, ikabaki. Dhuluma ni kwamba zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla ya mtoto wa mvuvi kuweza kukaa katika darasa lililojengwa juu ya samaki wa babu yake.

Chuo Kikuu cha Lúrio, kilichoundwa 2006, kinafundisha udaktari Nampula na sayansi ya viumbe Pemba. Vita vilivyoupiga mji wa Palma, karibu na Kionga, Machi 2021 viliwatawanya wengi wetu, na vijana wengi wakakatiza shule. Basi tuliopo nje, pesa za harusi na sherehe tuzipunguze kidogo, tumlipie ada kijana mmoja aende Pemba.