Fahamu: Washambuliaji vijana wa hoki ya barafuni hupimwaje kabla ya msimu?

Ligi tatu kubwa za vijana Canada, zenye timu chache za Marekani pia, huchezesha wenye miaka 16 hadi 20. Kila msimu mpya swali ni moja: nani atafunga?

Wanapangwaje?

Washambuliaji 12 wa timu hugawanywa safu nne, kila moja ikiwa na mmoja wa kati na mawinga wawili. Safu hukaa uwanjani chini ya dakika moja, kisha hupokezana.

Kinachotazamwa

Kila goli na kila pasi ya goli ni pointi moja. Mshambuliaji Connor McDavid alivuna pointi 120 kwa mechi 47 akiwa timu ya vijana ya Erie Otters msimu wa 2014/15. Lakini takwimu hazitoshi. Mtazame winga timu yake inapopokonywa kisahani, kile kigumu kinachochezwa badala ya mpira: anarudi mbio kukaba, au anasimama akisubiri pasi? Hapo ndipo kocha humjua mchezaji.

Ugumu uko wapi?

Kikosi hubomoka kila mwaka. Wenye miaka 20 hawaruhusiwi kuzidi watatu, na nyota wengine huchukuliwa na NHL, ligi kuu ya kulipwa. Kijana wa miaka 17 aliyekuwa safu ya nne hujikuta ya kwanza. Usimhukumu kwa mechi mbili.