Mkopo wa Kuanzisha Maabara ya Meno: Mambo ya Kupimwa

Vyama vya akiba na mikopo hupokea maombi ya mafundi wa kila namna. Miongoni mwao yumo fundi sanifu wa meno, ambaye baada ya miaka kadhaa ya ajira hutaka kufungua maabara yake mwenyewe. Kamati ya mikopo isiyoifahamu kazi hiyo yaweza kumnyima anayestahili, au kutoa fedha za wanachama zisizorudi.

Fundi huyu hamtibu mgonjwa. Daktari wa meno huchukua chapa ya kinywa na kuipeleka maabara pamoja na agizo la maandishi. Fundi humimina plasta katika chapa hiyo, kisha hupanga meno ya bandia juu ya nta. Daktari akishayajaribisha kinywani, fundi huiyeyusha nta kwa maji ya moto na kujaza akriliki mahali pake ndani ya kalibu. Akriliki huivishwa majini polepole kwa muda wa saa nyingi. Ikiharakishwa hutoka na vitundu. Mwisho kazi husuguliwa na kung'arishwa. Kwa hiyo mteja wa maabara ni kliniki, si mgonjwa.

Mambo manne yapimwe:

1. Bei. Chukua mfano wa fundi atengenezaye seti 20 kwa mwezi, kila moja ikitumia vifaa vya shilingi 30,000. Seti 2 zikirudiwa, vifaa hugharimu 660,000, yaani 33,000 kwa kila seti. Pango, umeme na ujira wake mwenyewe vikiwa 800,000, huongezeka 40,000. Gharama ni 73,000, kabla ya uchakavu wa mashine. Akiuza kwa 60,000 hudhani amepata faida ya 30,000, kumbe amepoteza 13,000 kwa kila seti.

2. Madeni. Kliniki zikilipa baada ya miezi miwili, fundi huyo huhitaji shilingi 2,920,000 za kuendeshea kazi kabla ya kupokea malipo ya kwanza. Mkopo wote ukiishia kwenye mashine, maabara hufungwa ikiwa na kazi tele. Mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Kazi zinazorudishwa. Mapatano ya maandishi yaeleze ni nani atakayelipa chapa ikiwa na kasoro, na ni nani kosa likiwa la fundi. Chapa ikaguliwe kabla ya kumiminwa plasta.

4. Vyombo. Ni busara kuanza na meno ya akriliki. Tanuri la kauri ni ghali, na mafundi kadhaa wanaweza kulimiliki kwa ushirika. Hata hivyo, mtambo wa kufyonza vumbi na madirisha ya kupitisha hewa visiahirishwe, kwani vumbi na mvuke wa kazi hii hudhuru mapafu.

Katibu na amwombe mwombaji alete hati yake ya usajili wa taaluma, mapatano na kliniki, hesabu ya bei, na daftari la wadaiwa. Asiyeweza kuonyesha hayo asaidiwe kuyaandaa kwanza, ndipo ombi lake lifikishwe mbele ya kamati.