Kakao: juu ya nini viwanda vya Ulaya vinauliza shamba liko wapi

Ukilima kakao upande wa Beni, Mambasa ao Irumu, siku moja mtu anaweza kufika na telefone, azunguke shamba na kuandika namba. Si ajabu mkulima awaze kwamba ni kodi mpya, ao kuna mwenye kutaka kumnyanganya udongo. Mara nyingi ni kiwanda cha chokoleti, mbali kabisa, ndicho kinataka kujua kakao inatoka wapi.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria juu ya bidhaa saba: kakao, kahawa, mawese, kauchu, soya, mbao na ngombe. Hazitaingia mu soko lake kama zimetoka mahali ambapo msitu ulikatwa nyuma ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2020. Kuanza kwake kumesukumwa mara mbili. Kwa kampuni kubwa tarehe iliyopangwa ni 30 mwezi wa 12, 2026. Lakini viwanda havingoji siku hiyo, kwani faini kubwa inaweza kufika 4 kwa mia ya mauzo ya mwaka mu Ulaya, hata kupita.

Zamani mwenye kununulia kiwanda aliangalia bei, unyevu, na kama mbegu zimechacha vizuri. Sasa anataka na namba za GPS za kila shamba. Kwa shamba lisilopita hektari 4, nukta moja inatosha. Kubwa zaidi, lazima kuzunguka mipaka yote. Kisha namba zinalinganishwa na picha za satelite. Kakao iliyopandwa 2015 haina shida ya tarehe. Lakini iwe imelimwa pia kwa kufuata sheria za Congo, na ile ya ndani ya Hifadhi ya Virunga haipiti, hata mti uwe wa zamani.

Shida kubwa iko ku depo. Kakao ya wakulima wengi inamwagwa pamoja, na gunia moja isiyojulikana asili inatosha kuharibu mzigo mzima. Ongeza vita. Mahali ambapo ADF wamefukuza watu, kakao inaweza kuvunwa na asiye mwenye shamba, iuzwe usiku, ivuke Uganda bila karatasi. Na mkulima aliyekimbia miaka mitatu, akirudi anakuta pori. Kwa sheria, shamba lililolala si msitu. Kwa picha ya satelite linaweza kuonekana msitu, na siku akilisafisha, ataonekana kama mwenye kukata miti.

Hapo ndipo kiwanda chenye kuogopa faini kinaweza kuchagua njia rahisi: kuacha kununua huku mashariki na kwenda nchi nyingine. Hiyo haiokoi mti hata mmoja wa Ituri. Mkulima anabaki na kakao ya bei ya chini, kisha anaingia mu msitu kuchoma makala.

Kazi ya kuhakikisha asili, sheria imeiweka juu ya kampuni yenye kuingiza bidhaa Ulaya, hapana juu ya mkulima. Kwa hiyo mwenye kupima shamba akiomba feza, ni vizuri kuuliza ni za nini. Na mkulima aombe nakala ya namba za shamba lake, ili akibadilisha mnunuzi asianze kupimwa upya.